Kurekodi albamu ya baladi: kuanzia ufunguo wa wimbo hadi faili la mwisho

Albamu ya nyimbo za kucheza husamehe mengi. Biti ikiwa nzito, noti iliyoteleza kidogo hupita bila mtu kushtuka. Baladi haina huruma hiyo: kwenye wimbo wa mapigo 66 kwa dakika, kinanda na sauti tu, noti hiyohiyo itasikika hata kwenye spika ya simu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla maiki haijawashwa, na kila uamuzi, uwe wa ufunguo, wa ala au wa mwangwi, unapimwa kwa jambo moja: unambeba mwimbaji, au unamfunika?

Kuchagua nyimbo

Albamu ya nyimbo 10 hadi 12, yenye dakika 38 hadi 45, inatosha. Ili upate 10 nzuri, andaa demo 16 hadi 20. Demo iwe sauti na ala moja, hata kwa simu. Wimbo usiosimama kwa gitaa moja hautasimama kwa fidla ishirini. Fidla zitauficha udhaifu kwa wiki mbili, kisha utarudi palepale.

Kinachoua albamu ya namna hii mara nyingi si wimbo mbaya, ni nyimbo nzuri zinazofanana. Chora jedwali kwenye karatasi: kasi, ufunguo, mwendo (4/4, 6/8 au 3/4), ala inayofungua wimbo, na mwimbaji anazungumza na nani. Ukikuta nyimbo tano ziko kati ya mapigo 64 na 70, zote 4/4, zote zinaanza na kinanda, zote zinamlilia mpenzi aliyeondoka, msikilizaji atachoka wimbo wa nne. Tafuta angalau mbili za 6/8, moja inayofika mapigo 90 au zaidi, na moja ya gitaa na sauti tu bila dramu kabisa. Badilisha pia anayezungumziwa: "wewe" katika nyimbo zote kumi ni mzigo.

Kisha piga hesabu ya muda. Kwenye mapigo 70, kipimo kimoja cha 4/4, yaani mapigo manne, huchukua sekunde 3.4. Ukiwa na utangulizi wa vipimo 4, ubeti wa vipimo 16 na ngazi ya kupandia kiitikio ya vipimo 4, kiitikio kitaingia sekunde ya 82. Ni mbali mno. Punguza ubeti wa kwanza uwe vipimo 8, na kiitikio kitaingia karibu sekunde ya 55. Ubeti wa pili unaweza kubaki mrefu, maana msikilizaji tayari anajua anakoelekea.

Kwa mashairi ya Kiswahili, angalia mkazo. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtunzi anayetanguliza melodi bila maneno huangusha noti ndefu kwenye silabi ya mwisho. Katika "nakupenda", noti ndefu au ya juu ikikaa kwenye "pe", neno linabaki zima. Ikikaa kwenye "nda" peke yake, linavunjika na hisia inaondoka nalo. Halafu tazama irabu iliyo kwenye noti ya juu kabisa ya kiitikio. "A" na "o" hufungua koo. "I" na "u" hulibana. Kubadilisha neno moja pale kileleni kunaweza kumpa mwimbaji nafasi ambayo mazoezi ya mwezi mzima yasingempa.

Ufunguo na kasi

Hapa usiharakishe, kwa kuwa makosa ya hapa hayarekebishiki baadaye. Kuhamisha sauti iliyokwisha kurekodiwa kwa semitoni mbili (semitoni ni hatua ndogo kabisa kati ya vibonye viwili vya kinanda) huibadilisha rangi, na kwenye baladi rangi ya sauti ndiyo bidhaa yenyewe.

Mwimbaji aimbe kiitikio kwa nguvu kamili, mara tano mfululizo, akiwa amesimama. Ufunguo ambao mara ya tano bado noti ya juu inatoka bila shingo kukakamaa ndio wa kuanzia. Rekodi demo tatu: ufunguo huo, semitoni moja juu, semitoni moja chini. Zisikilize kesho yake, siyo siku hiyohiyo. Ufunguo wa chini mno hufanya kiitikio kisikike kama mazungumzo. Wa juu mno hukifanya kisikike kama ugomvi. Unachotaka ni kilele kinachosikika kama kimemgharimu mwimbaji huku ukweli ni kwamba anaweza kukirudia kesho jukwaani.

Usisahau upande wa chini. Beti za baladi huanza chini, na noti ya chini isiyo na sauti ndani yake, pumzi tupu, haitaokolewa na kompresa, kifaa kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Kama umbali kati ya noti ya chini kabisa na ya juu kabisa unazidi oktava moja na nusu, kuna mahali melodi inahitaji kurekebishwa. Na kama wimbo unapanda ufunguo baada ya daraja (sehemu tofauti inayotangulia kiitikio cha mwisho), vipimo vyote hivi vifanyike kwa kiitikio cha mwisho, kile kilichopanda. Wengi hupima cha kwanza, kisha siku ya kurekodi wanagundua kuwa mwisho haufikiki. Upandaji huo wenyewe utumie kwenye wimbo mmoja tu wa albamu. Wa pili tayari ni mazoea.

Kuhusu kasi: mwache aimbe peke yake bila metronomu, urekodi, kisha uhesabu mapigo. Hapo utapata kasi ya asili ya maneno. Baada ya hapo jaribu juu na chini kwa mapigo 2. Mapigo 2 kwenye 66 ni asilimia 3, na yanasikika. Kipimo kizuri ni mstari mrefu kuliko yote katika wimbo: unapaswa kuimbika kwa pumzi moja, na ibaki kidogo.

Wimbo wa kinanda na sauti tu unaweza kurekodiwa bila metronomu, wawili wakisikilizana, na mara nyingi hutoka bora. Ila amua mapema. Ukitaka kuongeza fidla au dramu baadaye juu ya kinanda kinachoyumba, mhandisi atatumia siku nzima kuchora ramani ya kasi. Njia ya kati ni kuweka metronomu inayopungua pigo 1 au 2 kwenye daraja na kurudi kwenye kiitikio.

Ala na nafasi zake

Mpiga kinanda aliyezoea kupiga peke yake hujaza kila kitu: mkono wa kushoto unakaa kwenye eneo la besi, wa kulia unafuata melodi. Mwambie afanye kinyume. Sauti inapoimba, mkono wa kulia ukae mbali na noti za melodi. Mstari ukiisha na mwimbaji akivuta pumzi, hapo ndipo kinanda kina ruhusa ya kusema. Besi ikiingia, mkono wa kushoto uache noti za chini. Ugomvi wa sauti na kinanda kati ya 200 na 500 Hz, ambao watu huhangaika nao kwenye miksi, huanzia kwenye vidole.

Fidla za kompyuta hudanganya vizuri zikiandikwa kwa mistari tofauti, kila sehemu na mwendo wake: fidla za kwanza, za pili, viola na selo. Zikichezwa kama kodi, yaani noti kadhaa zikibonyezwa pamoja, kwa mkono wa kulia kwenye kibodi, zote zinaanza na kuisha kwa wakati mmoja, na sikio linagundua mara moja. Bajeti ikiruhusu mpiga fidla mmoja tu wa kweli, mrekodi mstari wa juu mara tatu au nne, kila mara akisogea kidogo kutoka kwenye maiki, kisha weka hizo juu ya zile za kompyuta.

Dramu zichelewe. Zikiingia ubeti wa kwanza, kiitikio cha mwisho hakitakuwa na pa kukulia.

Siku ya kurekodi sauti

Chumba kwanza. Maiki ya kadioidi husikia mbele yake, yaani mwimbaji na kila kilicho nyuma ya mwimbaji. Kwa hiyo blanketi nzito au sponji zitundikwe nyuma ya mgongo wake, si nyuma ya maiki peke yake kama inavyofanywa na wengi. Kabati dogo lililojaa nguo linaua mwangwi wa juu lakini linaacha mvumo wa 150 hadi 300 Hz, na sauti inatoka kama imefungiwa kwenye boksi. Chumba cha kulala chenye kitanda na mapazia mazito mara nyingi kinafaa zaidi.

Maiki ya kondensa ya kiwambo kikubwa ndiyo chaguo la kawaida, lakini jaribu mbili au tatu kwa kiitikio kilekile. Mwimbaji mwenye "s" kali anaweza kutoka vizuri zaidi kwenye maiki ya dainamiki ya bei ndogo kuliko kwenye kondensa ghali.

Umbali wa kawaida ni sentimeta 15 hadi 20, kichujio cha pumzi kikiwa sentimeta 8 hadi 10 kutoka kwenye maiki. Beti za chini anaweza kusogea hadi 10, sauti ipate uzito. Kiitikio arudi 25 hadi 30. Weka alama mbili za tepu sakafuni. Si urembo: umbali ukiongezeka maradufu, kiwango hushuka kwa karibu desibeli 6, na uzito wa chini hupotea pamoja nacho, kwa hiyo teki (mizunguko ya kurekodi) ya asubuhi na ya mchana hazitaungana kama mtu alikuwa anasimama popote. "P" na "b" zikipiga, sogeza maiki pembeni kidogo ielekee kona ya mdomo. "S" ikichoma, igeuze nyuzi 10 hadi 15.

Rekodi kwa biti 24, 48 kHz. Kiwango kipimwe kwa kiitikio cha mwisho, sehemu yenye kelele kuliko zote, vilele vikiishia kati ya −10 na −6 dBFS, yaani desibeli zikihesabiwa chini ya sifuri, kikomo ambacho sauti hupasuka. Ukipima kwa ubeti, kiitikio kitapasuka, na daima hupasuka kwenye teki iliyokuwa bora.

Hedifoni ziwe za kufunga sikio. Kuna mambo mawili huharibu kazi kimyakimya. La kwanza ni ucheleweshaji: weka bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huisubiri kabla ya kuitoa) kwenye sampuli 128 au chini, la sivyo mwimbaji anajisikia nyuma ya biti na kuanza kuikimbilia. La pili ni metronomu kuvuja. Kwenye wimbo wa haraka haisikiki. Kwenye noti ya mwisho ya baladi, sauti inayofifia polepole, utasikia tik, tik, tik wazi kabisa. Izime kwenye vipimo viwili vya mwisho. Mwangwi kidogo kwenye hedifoni humpa mwimbaji ujasiri, lakini usirekodiwe pamoja na sauti. Akishuka noti mara kwa mara, punguza ala masikioni mwake kabla hujamlaumu, au avue upande mmoja.

Wimbo mmoja kwa siku, mbili zikizidi. Dakika 20 za kupasha sauti, maji ya kawaida yasiyo ya baridi, na saa mbili hadi tatu za kuimba, basi. Maneno yachapwe kwa herufi kubwa, kurasa zikiwa zimetandazwa ili asifunue karatasi katikati ya mstari.

Anza na teki mbili au tatu nzima bila kusimama, hata akikosea. Hisia huwa humo. Kisha fanya teki tatu au nne kwa sehemu. Sehemu laini za noti za juu, zile za sauti nyembamba, zifanywe mapema: sauti iliyochoka hupoteza kwanza noti za juu zinazoimbwa kwa upole, huku za nguvu bado zinatoka. Ndiyo pia njia ya kupima uchovu. Mwambie aimbe mstari wa juu kwa upole. Ukikwaruza au ukikatika, zima vifaa. Kulazimisha saa moja zaidi kutakugharimu siku mbili za kupumzisha koo.

Mwelekezi awe mmoja. Prodyuza, mtunzi na meneja wakizungumza wote kwenye hedifoni, mwimbaji anaanza kuimba kwa ajili yao. Na maelekezo yawe ya picha, si ya ufundi: "unamwambia mtu aliyelala" humsaidia kuliko "punguza desibeli".

Kuunganisha teki

Chapa mashairi, weka safu kwa kila teki, na sikiliza mstari kwa mstari ukiweka alama. Chagua kwanza kwa hisia, pili kwa maneno kusikika, tatu kwa noti. Noti hurekebishika, hisia, hapana. Kata kwenye konsonanti kama "t", "k" au "s", au kabla ya pumzi, kamwe katikati ya irabu. Pumzi ni mali ya mstari unaofuata, kwa hiyo ihame pamoja nao. Usizifute. Punguza desibeli 4 hadi 8 tu, maana baladi isiyo na pumzi husikika kama imeimbwa na mashine, na mtu huchoka bila kujua kwa nini.

Programu za kusahihisha noti zimezoeleka tangu Auto-Tune ilipotoka 1997, na si dhambi. Dhambi ni kuwasha na kuondoka. Gusa noti zilizoshikwa ambazo zimepotoka kwa zaidi ya senti 20 hivi (senti 100 ni semitoni moja). Acha mitelezo ya kuingilia noti na acha mtetemo wa mwisho wa mstari. Vitu hivyo viwili ndivyo vinavyomfanya mwimbaji ajulikane ndani ya sekunde tano.

Waitikiaji wawe wawili kushoto na wawili kulia kwenye kiitikio. Waambie wameze "s", "sh" na "ch", wamwachie mwimbaji mkuu azitamke. Watu watano hawawezi kutamka "sh" kwa wakati mmoja, na matokeo yake ni mvuke.

Miksi

Anza na sauti peke yake, ongeza kinanda, kisha vingine kimoja kimoja. Kabla ya kompresa yoyote, pita mstari kwa mstari ukisawazisha kiwango kwa mkono. Maneno yaliyozama yapande desibeli 2 au 3. Kompresa ikipewa sauti iliyokwisha kusawazishwa hufanya kazi kidogo, na haisikiki. Tumia mbili: ya kwanza ya haraka, uwiano wa 4:1, ikikata vilele tu kwa desibeli 3, ya pili ya polepole, 2:1, ikishikilia wastani. Moja ikilazimishwa kukata desibeli 10, pumzi zote zinapanda na wimbo unahema.

Ondoa kilicho chini ya 80 Hz kwenye sauti. Ukali wa "s" unakaa kati ya 5 na 9 kHz. Upunguze kwa desibeli 3 hadi 6 na si zaidi, vinginevyo mwimbaji anaanza kuwa na kithembe.

Mwangwi wa bati, unaotokana na bamba la chuma linalotetemeshwa, ndio uliojenga sauti ya baladi tangu mashine ya EMT 140 ilipotengenezwa Ujerumani mwaka 1957, na nakala zake za kompyuta zinatosha kabisa. Mwangwi udumu sekunde 1.8 hadi 2.5. Siri iko kwenye ucheleweshaji kabla ya mwangwi kuanza: neno lisikike kwanza, mwangwi ufuate. Gawa 60,000 kwa kasi ya wimbo upate urefu wa pigo kwa milisekunde, kisha gawa kwa 16. Kwenye mapigo 72, pigo ni 833, na ucheleweshaji ni kama 52. Uache sifuri na sauti itarudi nyuma ya kinanda hata ukiipandisha. Kwenye njia ya mwangwi, kata kila kilicho chini ya 300 Hz, na punguza "s" kabla hazijaingia humo.

Sikiliza miksi kwa sauti ya chini sana, kiasi cha mazungumzo ya chumba cha pili. Kila neno lisikike. Kisha weka viitikio vya nyimbo zote kumi mfululizo: mwimbaji asiwe karibu kwenye wimbo mmoja na mbali kwenye mwingine.

Mpangilio na mastaringi (matayarisho ya mwisho ya sauti ya albamu)

Wimbo mzito kuliko wote usiwe wa kwanza. Uweke wa tatu au wa nne. Usipange nyimbo mbili za ufunguo na kasi ileile zikifuatana. Acha sekunde 2 hadi 4 kati ya nyimbo, zikihesabiwa baada ya mwangwi kufa, na jaribu kwa kusikiliza sekunde 20 za mwisho za mmoja na 20 za mwanzo za unaofuata.

Spotify husawazisha nyimbo kuelekea −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia) kwa mpangilio wake wa kawaida, Apple Music −16. Kuibana baladi hadi −8 hakukupi chochote ila kiitikio kisicho na mahali pa kupandia. Kilele cha kweli, kinachopimwa kwa dBTP, kiishie −1. Kiwango kipangwe kwa albamu nzima, si wimbo kwa wimbo, la sivyo ule wa gitaa na sauti utapiga kelele kuliko wenye okestra. Kwa CD, shusha hadi 44.1 kHz na biti 16 ukiongeza ditha, mvumo mdogo sana unaoficha makosa ya kupunguza biti. Kwa santuri ya inchi 12, kila upande uwe dakika 18 hadi 22, na wimbo wenye "s" nyingi usikae mwisho wa upande, kwa sababu mifereji ya ndani huziharibu.

Karatasi na mafaili

Mgawanyo wa asilimia za utunzi utiwe saini siku wimbo unapokamilika kutungwa, si siku unapovuma. Haki ya utunzi na haki ya rekodi ni vitu viwili, andika zote. Kila rekodi ipate ISRC yake, namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 12, na albamu namba yake ya msimbo pau, UPC au EAN. Jalada liwe mraba wa pikseli 3,000. Mpelekee msambazaji kila kitu wiki nne kabla. Maombi ya kuingizwa kwenye orodha za Spotify hutakiwa angalau siku 7 kabla ya wimbo kutoka.

Kabla hujafunga mradi, toa matoleo manne ya kila wimbo: kamili, ala tupu, ala pamoja na waitikiaji kwa ajili ya jukwaa, na sauti tupu. Yatolewe siku ileile na miksi ileile, maana miezi sita baadaye programu-jalizi moja itakuwa imebadilika toleo na mradi hautafunguka kama ulivyouacha. Hifadhi nakala tatu, moja ikiwa nje ya jengo.